Hodi ya Pili

Ndugu zetu wengi wa Nachingwea na Ruangwa husikiliza mawaidha katika YouTube. Akaunti hiyo ya Google ndiyo pia hifadhi ya barua na picha za jamaa; mwizi akilijua neno la siri, huingia kama mwenye nyumba. Twawausia, basi, muwashe uthibitishaji wa hatua mbili katika mipangilio ya usalama. Hapo kila mgeni atatakiwa pia tarakimu zilizotumwa katika simu ya mwenyewe: hiyo ndiyo hodi ya pili. Enyi vijana, yeyote awaombaye tarakimu hizo, ajapojiita mtumishi wa kampuni, msimpe. Na zile namba 10 za akiba ziandikeni karatasini, mziweke pamoja na hati za nyumba. Simu ikipotea, mlango usiwafungie wenyewe.