Kasongo: Maumivu ya taya hayasomwi kwenye picha peke yake

Mtu akiumwa na taya mpaka kufungua kinywa ale ugali ni shida, wazo la kwanza huwa moja: atafute makuta, apigwe radio. Kwa jamaa iliyokimbia vita toka Salamabila ao vijiji vingine vya Kabambare, makuta hayo ni mbuzi wa mwisho, ao deni kwa jirani. Ndiyo sababu inafaa kusema wazi: kwa wagonjwa wengi wa kiungo cha taya, picha haipaswi kuja mbele.

Kiungo hicho kiko mbele tu ya sikio. Wekeni kidole pale, fungueni kinywa, mtasikia kinatembea. Ndani yake mifupa miwili inakutana, na katikati kuna kisahani laini kinachoizuia isisuguane. Radio inaonyesha mifupa. Haionyeshi kisahani wala misuli ya kutafuna, na maumivu mengi yanatoka kwenye misuli hiyo.

Watafiti waliolinganisha picha na malalamiko ya wagonjwa walikuta kwamba mara nyingi haviambatani. Huyu mfupa wake umelika, naye anatafuna muwa bila shida. Yule halali usiku, na picha yake ni safi. Basi mama anayeambiwa "radio haionyeshi kitu" asihesabiwe mwongo. Maumivu yake ni ya kweli. Vilevile, picha yenye kasoro si ruhusa ya kung'oa meno mazima.

Kinachosaidia zaidi ni mikono na masikio ya muuguzi: kuuliza maumivu yalianza lini, kupapasa kiungo na misuli, kupima kama vidole vitatu vinaingia kinywani, kuangalia meno na sikio. Aulize pia juu ya usingizi na hofu, maana mtu aliyeona vita anaweza kukaza meno usiku kucha bila kujua. Wengi wanapata nafuu kwa chakula laini, kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kuacha muwa na mahindi ya kuchoma kwa majuma machache, na dawa ya kawaida ya maumivu. Taya linalolia tu bila kuuma halihitaji dawa.

Lakini kuna wakati wa kukimbia hospitali. Aliyepigwa ao kuanguka, na meno yake hayakutani tena sawa, huyo anahitaji radio kweli. Kinywa kilichogoma kufunga, uvimbe pamoja na homa, ao taya linalokaza siku ao majuma kisha kupata kidonda, visingojee kesho. Hilo la mwisho linaweza kuwa pepopunda, yaani tetanosi, nayo inaua.

Wakubwa wa afya wa Kasongo na Kabambare wahakikishe kila muuguzi wa kijijini anajua uchunguzi huu. Hauombi mashine wala umeme. Mbuzi wa jamaa auzwe tu pale picha itabadilisha matunzo ya mgonjwa.