Uwanja wa mchezo: anayelipa aulizwe kwanza

Tarehe 2 Aprili 2024, wakaaji wa wilaya ya Jackson, jimbo la Missouri huko Marekani, waliitwa kupiga kura. Hawakuchagua mbunge wala gavana. Waliulizwa jambo moja: je, wanakubali kulipa kodi kwa miaka 40 ili Royals, timu ya besiboli ya Kansas City, ipate uwanja mpya, na uwanja wa Chiefs, timu ya mpira wa Kimarekani, utengenezwe upya? Karibu watu 58 kwa 100 walijibu hapana.

Hawakujibu hivyo kwa kuchukia michezo. Royals ilipochukua ubingwa mwaka 2015, mji ulifurika watu barabarani. Walichobishania ni mahali na pesa.

Uwanja wa sasa, Kauffman, ulifunguliwa mwaka 1973 kando ya barabara kuu, mbali na katikati ya mji. Wenye timu walitaka kuhamia mtaa wa Crossroads, katikati kabisa. Lakini mtaa ule si kiwanja kitupu. Una maduka, mikahawa na karakana za wasanii. Na mahali penyewe palitangazwa mwezi wa Februari 2024, majuma saba tu kabla ya kura. Mwenye duka angepata wapi muda wa kuelewa hatima yake?

Kisha pesa. Kodi hiyo inachukuliwa dukani, karibu senti 38 kwa kila dola 100. Kwa kuitazama ni kidogo. Lakini maskini anayenunua unga na sabuni anakatwa kwa kipimo kilekile cha tajiri, na faida ya tiketi inabaki kwa mwenye timu. Wenye Royals waliahidi kutoa angalau dola miliari 1 katika mradi wa miliari 2. Pengo lililobaki lilitazamiwa mfukoni mwa raia.

Watetezi walisema uwanja utaleta kazi na biashara. Wachumi wengi waliochunguza viwanja vya Marekani kwa miaka mingi hawakubali. Pesa ambayo familia inalipa kwa tiketi ni ileile ingetumika kwenye mkahawa wa mtaani. Inahama tu, haizaliki. Tena timu ya besiboli inacheza nyumbani mara 81 katika msimu wa kawaida. Siku nyingi za mwaka, milango inafungwa.

Mtu mmoja aliyesimama kupinga alishangaza wengi. Frank White Jr., kiongozi wa wilaya wakati huo, aliichezea Royals kwa miaka 18 na kuwa bingwa nayo mwaka 1985. Alipokuwa kijana alifanya hata kazi ya mikono katika ujenzi wa uwanja wa sasa. Januari 2024 alikataa kutia sahihi azimio la kupeleka kodi hiyo kwenye kura. Madiwani wakamshinda, lakini wapiga kura wakampa haki. Kupenda timu ni jambo moja, kulinda mfuko wa wote ni jambo lingine.

Ni kweli, kusema hapana kuna bei. Desemba 2025, Chiefs ilitangaza kwamba itavuka mpaka wa jimbo kwenda Kansas, ambako serikali ilikubali kusaidia ujenzi. Wapenzi wake wa Missouri wameumia. Hata hivyo, uamuzi wa mwaka 2024 ulikuwa wa wale ambao wangelipa.

Hapo ndipo Kongo inaguswa. Mwaka 2025, serikali ya Kinshasa ilitia sahihi mikataba ya kutangaza nchi na AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona. Ule wa Barcelona, wa miaka 4, uliripotiwa kuzidi euro milioni 40. Mwaka huohuo Goma na Bukavu zilikuwa zimeanguka mikononi mwa M23, na familia nyingi zilikuwa zikilala mbali na nyumba zao. Labda siku moja matangazo hayo yataleta watalii. Lakini raia alisikia habari kalamu zikiwa zimekwisha kuwekwa chini.

Vijana wa mashariki wanahitaji viwanja, hilo halina ubishi. Wanaochezea mavumbini wanastahili nyasi na taa. Lakini kila mradi ujibu maswali matatu mbele ya wakaaji: unajengwa wapi, na nani atahamishwa? Nani analipa, kwa miaka mingapi? Faida itaingia mfuko wa nani?

Nchi hii inajua sana sherehe za kuweka jiwe la kwanza. Jiwe la pili ndilo linakawia. Majibu yabandikwe kwenye ukuta wa komini kabla ya siku ya sherehe, si baada yake.