Kusafisha nyumba iliyoingiwa na majitaka ni kazi ya fundi

MVUA kubwa inaponyesha usiku katika Jiji la Dar es Salaam, wakazi wa vyumba vya chini huko Kariakoo, Ilala na Jangwani hawalali. Hawaogopi radi. Wanasikiliza tundu la choo. Kwanza husikika mlio wa mapovu, kisha maji meusi huanza kupanda badala ya kushuka, na kabla ya adhana ya alfajiri godoro lililotandikwa sakafuni huwa limelowa chapachapa. Kukicha, mama wa nyumba hujifunga kanga, akachukua ndoo, kopo na fagio la chelewa, na kwa mikono mitupu na miguu peku akaanza kuchota. Watoto humsaidia. Ifikapo saa nne sakafu imekauka, udi umefukizwa, na nyumba husemwa kuwa imesafishwa.

Sisi tunasema haijasafishwa. Imeondolewa maji tu. Vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu vimebaki katika nyufa za sakafu, katika sehemu ya chini ya ukuta iliyonyonya maji, katika godoro lililoanikwa uani na katika kopo lile lile ambalo jioni litarudi kuchotea maji ya kuoga. Mayai ya minyoo ni sugu zaidi, kwani hata dawa ya klorini hayaiogopi, na yakipata udongo wenye unyevu huweza kuishi miezi mingi yakingoja mkono wa mtoto.

Jambo hili si dogo, wala si la faragha ya nyumba ya mtu. Mwezi Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilizuka hapa Dar es Salaam na kutoka hapa kikaenea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Kabla hakijatulia, watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua na mamia walikuwa wamefariki dunia.

Ni vema tuelewe kwanza majitaka hayo hutoka wapi. Mto Msimbazi huanzia milima ya Pugu na kuingia baharini penye daraja la Selander, na bonde lake hupokea maji ya sehemu kubwa ya Jiji. Kariakoo na Jangwani ziko chini ya mteremko huo. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo ya zamani zilikuwa na ukumbi, vyumba sita, ua, na choo cha shimo huko uani. Leo mahali pa nyumba moja kama hiyo pamesimama ghorofa lenye familia na maduka kadhaa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1978 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,090, na katika ile ya mwaka 2022 ulikuwa na watu 5,383,728. Mabomba ya majitaka hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Juu ya hayo, wako wenye majengo ambao huelekeza maji ya mvua ya mapaa yao katika bomba la majitaka, kinyume kabisa cha kazi yake, na wako wanaomwaga humo mchanga, mafuta ya kukaangia na matambara. Chemba ya barabarani ikijaa, maji hutafuta tundu lililo chini kuliko mengine yote. Tundu hilo ni choo cha mpangaji wa chumba cha chini, ambaye katika makosa yote hayo hana hata moja.

Lakini sehemu kubwa ya wakazi wa Jiji hawana bomba la majitaka hata kidogo. Wana vyoo vya shimo na makaro, na hapa ndipo lilipo jambo ambalo kila mtu analijua na wachache hulitamka hadharani: kutapisha choo. Mvua ikishika kasi, mwenye nyumba hutoboa ubavu wa choo chake kilichojaa na kuacha mafuriko yachukue kila kitu. Asubuhi choo chake ni kitupu na moyo wake mweupe. Kilichotoka kimeingia chumbani kwa jirani aliye bondeni, na yule mama tuliyemtaja hapo juu ndiye anayekichota kwa kopo. Tusimlaumu mwenye choo peke yake. Aghalabu gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita katika uchochoro wake, na linapoweza kupita, gharama yake ni kubwa kwa mtu wa kipato cha chini. Hata hivyo tendo lenyewe ni dhuluma, na halina jina jingine.

Asiyetapisha huwaita vyura. Hilo ndilo jina ambalo Jiji limewapa vijana wanaoshuka shimoni usiku, wakamwaga mafuta ya taa ili kupunguza harufu, wakachota kwa ndoo na kufukia katika shimo jingine lililochimbwa kando. Tunawacheka mchana na kuwatafuta usiku. Hawana viatu vya mpira wala glavu, hawana chanjo, na wengi hunywa pombe kali kabla ya kushuka ili wastahimili. Hatari kubwa kuliko zote hawaioni kwa macho. Kinyesi kinachooza hutoa hewa ya sumu ambayo mwanzo hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani harufu imekwisha ilhali ni yeye anayekwisha. Aliye juu akishuka kumwokoa mwenzake naye huanguka. Mafuta ya taa hayazuii hewa hiyo. Lililo salama ni mtu kutoshuka kabisa, na ndiyo sababu ya kuwako kwa pampu za mkono, kama ile iitwayo Gulper iliyojaribiwa hapa hapa Dar es Salaam, ambayo hufanya kazi mtu akiwa amesimama juu ya shimo.

Sasa, nyumba iliyokwisha kuingiwa isafishweje? Twaona yafaa tueleze kwa urefu kidogo, maana mwalimu atakayesoma haya anaweza kuyafikisha kwa wazazi arobaini kwa siku moja.

Umeme huzimwa kwanza katika swichi kubwa, ikiwa tu mtu anaweza kuifikia bila kusimama majini. Watoto, wajawazito na wagonjwa huondolewa. Katika ghorofa, wakazi wa juu huombwa wasimwage maji popote mpaka chemba izibuliwe, kwa sababu maji wanayoyavuta wao chooni ndiyo yanayofumka kwa mwenzao wa chini. Tumesikia ugomvi mwingi wa majirani uliotokana na jambo hili kutoelezwa. Anayeingia kusafisha avae viatu vya mpira, glavu nzito na kitambaa cha kuziba pua na mdomo, na kidonda chochote kifunikwe. Uchafu mzito huchotwa kwa koleo. Chakula kilichoguswa na maji hayo, hata unga uliolowa gunia upande mmoja tu, hutupwa. Godoro la sponji na zulia navyo hutupwa, na hapa ndipo maskini husita, nasi hatuwezi kumlaumu.

Kisha huja kosa linalofanywa hata na wasomi: kumwaga dawa juu ya uchafu. Uchafu huila klorini ikaisha kabla haijagusa kijidudu. Sakafu na ukuta husuguliwa kwanza kwa sabuni na maji safi, hadi juu ya alama ya maji. Ndipo hupakwa klorini. Dawa ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.5 ambao unatosha. Uachwe kwa muda wa dakika 10 au zaidi ndipo pasuuzwe. Mchanganyiko utengenezwe siku hiyo hiyo, kwani ukilala hupungua nguvu. Kamwe usichanganywe na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, maana hutoa hewa inayochoma mapafu. Mwishowe madirisha hufunguliwa na ukuta huachwa ukauke kabisa, jambo ambalo katika masika huchukua siku nyingi na ambalo mpangaji mwenye chumba kimoja hana pa kulingojea.

Anayeyasoma hayo yote ataona kwamba si kazi ya mama na fagio la chelewa. Huko Marekani mafundi wa kazi hii wana kanuni zilizoandikwa, zinazogawa maji yaliyoingia nyumbani katika madaraja matatu, na maji ya chooni huwekwa katika daraja la tatu, lililo baya kuliko yote. India ilipitisha sheria mwaka 2013 ya kukataza watu kuajiriwa kuzoa vinyesi kwa mikono, ingawa kupitisha sheria kumekuwa rahisi kuliko kuitekeleza. Nasi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Chura anayeshuka shimoni Buguruni saa saba za usiku yuko mahali pa kazi.

Wako watakaosema kwamba dawa ya yote ni Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia fedha mwaka 2022, na ambao umewaondoa wakazi wengi bondeni baada ya kulipwa fidia. Mradi huo ni wa maana sana, hasa tukikumbuka maafa ya Desemba 2011. Lakini chemba za Kariakoo haziko bondeni tu, na aliyehamishwa bondeni amehamia penye choo kingine cha shimo ambacho nacho kitajaa.

Tukumbuke pia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wananchi wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, kisha wakachimba vyoo. Yalikuwa mafanikio makubwa ya elimu ya watu wazima. Lakini somo la kuchimba choo halikufuatwa na somo lenye uzito kama huo la nini kifanyike siku kitakapojaa, na Jiji linaishi na pengo hilo hadi leo.

Kwa hiyo tunazitaka mamlaka zifanye mambo ambayo si ya mabilioni. Halmashauri ya Jiji iwaandikishe vyura kwa majina yao halisi, iwape vifaa, chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini, na leseni ya kufanya kazi mchana. VETA, inayofundisha ufundi bomba, ifundishe na kazi hii na kutoa cheti chake. DAWASA na wenye nyumba waache kurushiana mpira: chemba ya barabarani iwe ya mamlaka, ya uani iwe ya mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na gharama ya kusafisha chumba isimwangukie mpangaji.

Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata mapazia ya Bunge la Uingereza yakalowekwa katika dawa ya chokaa na klorini ili wabunge waweze kukaa. Katika majuma machache sheria ilipita na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mifereji ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikijadiliwa kwa miaka. Ofisi nyingi za Jiji letu ziko ghorofani, na madirisha yake hufungwa kwa ajili ya viyoyozi. Tungeomba maofisa wahusika, mvua za vuli zitakapoanza, wafike saa kumi na mbili asubuhi katika mitaa iliyo nyuma ya barabara ya Msimbazi, wakiwa wamevaa viatu vya mpira, kabla akina mama hawajamaliza kuchota.