Chapa za Mchongaji, Fremu za Fulana

Barbara Hepworth, mchongaji Mwingereza aliyetengeneza Single Form, sanamu ya shaba iliyosimamishwa mbele ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York mwaka 1964 kumkumbuka Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa umoja huo aliyefia karibu na Ndola, alifika karibu miaka 70 ndipo akatoa mfululizo wa chapa za skrini, Opposing Forms: duara, pembe na mistari kwenye karatasi bapa. Mimi nazipenda kwa sababu uzito wa jiwe bado unahisika ndani ya rangi. Na vifaa vya chapa hizo havina maajabu: fremu, kitambaa chenye matundu madogo sana, wino, mpira wa kuusukuma, na kila rangi na fremu yake. Kwa vifaa kama hivyo vijana wa Usukuma, mikoani Shinyanga na Geita, huchapa fulana za kampeni na za timu. Maumbo nayo tunayo. Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alikusanya michoro iliyopamba kuta za nyumba za chama cha wacheza nyoka wa Usukuma, na kitabu chake kikatoka London mwaka 1953. Kuta za udongo hazidumu. Basi maofisa utamaduni wa mikoa hii miwili wakitafute kitabu hicho, wawaite wazee wanaoyajua maumbo hayo, kisha wawakalishe meza moja na wachapaji wa fulana, na pamba ya Shinyanga iwe kitambaa cha kwanza kuchapwa.