Si uzee wa mashine

Dirisha la programu likififia, na juu yake pakaandikwa kwamba haijibu, kauli ni ileile kuanzia Kisiba hadi kwenye steshenari za Tukuyu mjini: mashine imezeeka, tafuteni nyingine. Karani wa ushirika anayekokotoa malipo ya majani mabichi ya chai huambiwa hivyo kila mwisho wa mwezi. Naipinga kauli hiyo, maana inambebesha mkulima gharama ya kosa la mwandishi wa programu.

Ushahidi uko ndani ya mashine yenyewe. Programu ikiganda katikati ya hesabu, fungua Task Manager. Kwenye kompyuta yenye prosesa ya viini vinne, mara nyingi utakuta imeshika karibu asilimia 25 tu ya uwezo wa prosesa. Kiini kimoja kinahema, vitatu vimekaa bure.

Dirisha huendeshwa na uzi (thread) mmoja, unaopokea kila mbofyo na kuchora kila kitufe. Uzi huohuo ukipewa kazi ya kusoma rekodi zote za mwezi, haurudi kupokea mbofyo hadi umalize. Windows husubiri takriban sekunde 5, kisha hutangaza kwamba programu haijibu. Karani anaamini imekufa, anaizima kwa nguvu, na faili la malipo huweza kubaki limeandikwa nusu. Mashine mpya itafupisha subira. Rekodi zikiongezeka, ganzi itarudi.

Kazi ndefu ipewe uzi wake, nao uwe unatuma taarifa dirishani: rekodi ngapi zimekwisha, ngapi zimebaki. Kiwepo na kitufe cha kughairi kinachofanya kazi kweli. Hesabu haitaisha mapema kwa hilo, nakubali. Lakini tangu Windows 95 mfumo unaweza kuzipa nyuzi zamu hata kwenye kiini kimoja, kwa hiyo uzee si udhuru. Zana zipo: Java ilipata SwingWorker mwaka 2006, na C# ikarahisishiwa kazi hiyo mwaka 2012.

Njia ya mkato ndiyo inayonitia hofu: kuiacha kazi kwenye uzi wa dirisha, ila kila baada ya rekodi kadhaa kuruhusu mibofyo ipenye. Dirisha linaonekana hai. Karani akibofya kitufe cha Lipa mara ya pili, malipo yanaanza upya ndani ya malipo ambayo hayajakwisha. Kitufe hicho kizimwe kabla kazi haijaanza, kiwashwe ikikamilika au ikighairiwa. Na ofisi inayouziwa programu idai ijaribiwe mbele yake kwa rekodi za msimu mzima, si kwa majina machache ya mfano.