Kule Nilivalisha Watoto Mabuti, Huku Mgeni Anapewa Darasa

Muhula uliopita nilikuwa TP kwenye shule moja ya msingi ya kanisa, zile za mchepuo wa Kiingereza. Ofisini kwa walimu nikamkuta dada wa Kijerumani wa miaka kumi na minane. Amemaliza sekondari kwao, kaja kujitolea mwaka mmoja. Kiswahili chake kilikuwa cha "mambo" na "asante sana". Alikuwa na wiki ya tatu nchini na tayari anafundisha Hisabati darasa la tatu, peke yake. Mimi, mwaka wa pili wa ualimu, nilikuwa siingii darasani kabla mwalimu mlezi hajakagua andalio la somo.

Nilimuuliza mwalimu mkuu kwa adabu zote. Akacheka. "Mwanangu, mwalimu wa Hisabati kapata ajira serikalini, kaondoka. Huyu Mungu katuletea, na hadai mshahara."

Sina ugomvi na yule dada. Ila hili jambo siwezi kulinyamazia, kwa sababu mimi nimewahi kuwa yeye, kwa upande wa pili.

Nilipomaliza kidato cha sita, kabla ya kuja chuo, dayosisi yetu ilinituma Ujerumani mwaka mzima. Wengi hawajui kama njia hiyo ipo. Mwaka 2008 serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango unaoitwa weltwärts, wa kupeleka vijana wao kujitolea katika nchi kama yetu. Lawama zikawa kwamba barabara ni ya upande mmoja, na mwaka 2013 vijana wa huku nao wakaanza kupokelewa kule. Ukifika unaingia kwenye huduma yao ya kitaifa ya kujitolea, iliyoanzishwa 2011 waliposimamisha jeshi la lazima. Unapata pa kulala, bima na hela ya mfukoni. Mimi niliangukia Wuppertal, mji wa mvua, wenye treni inayoning'inia juu ya mto tangu mwaka 1901.

Jumapili ya mwisho kabla sijasafiri niliitwa mbele kanisani, wazee wakaniwekea mikono. Mchungaji akasema tunamtuma mmisionari wetu. Niliondoka na maneno hayo kifuani.

Siku ya kwanza kwenye chekechea hawakuniuliza nilipata divisheni gani. Walitaka uthibitisho kwamba nimechanjwa surua, maana wana sheria hiyo tangu Machi 2020, pamoja na cheti cha kuonyesha kwamba sina rekodi ya uhalifu. Kisha wakaniambia mambo mawili: sitaachwa peke yangu na watoto, na sitashika nafasi ya mwajiriwa. Hilo la pili ni masharti ya huduma yenyewe. Anayejitolea anasaidia tu, hawekwi mahali pa mtu anayepaswa kulipwa.

Basi nikasaidia. Nilikata matufaha, nilifuta meza, niliosha vikombe. Kule mvua ikinyesha watoto hawafungiwi ndani, wanatoka kucheza kwenye tope, kwa hiyo kila mmoja avalishwe suruali ya mvua na mabuti. Watoto ishirini ni miguu arobaini, asubuhi na mchana, na yupo ambaye ukimaliza tu kumfunga anasema anataka kukojoa.

Kiukweli iliniuma. Nimeombewa na kanisa zima, halafu niko sakafuni natafuta buti la kushoto? Mama alipopiga simu kuuliza kazi inaendaje, nikamwambia nafundisha. Nikapiga picha nimekaa na watoto, nikaweka status: "Mwalimu". Jumapili iliyofuata ilitangazwa kanisani kwetu kwamba binti yao anafundisha Wajerumani. Sikusahihisha.

(Ibada za kule nazo ni habari nyingine. Tulikuwa wachache, wengi wazee, kanisa kubwa na baridi. Muumini aliyesajiliwa hukatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato. Nilipowasimulia wazee wetu, niliona mzee mmoja anaandika.)

Mwezi wa nne tangu nifike, mvulana wa miaka minne alimwaga maziwa makusudi. Nikafuta. Akamwaga tena huku ananiangalia usoni. Nikamvuta sikio. Si kwa nguvu, kwetu hata asingelia. Chumba kizima kikanyamaza. Mwalimu kiongozi, aliyekuwa hatua tatu kutoka kwangu, akaja akamnyanyua mtoto bila kusema neno. Jioni akaniketisha. Akanieleza kwamba tangu mwaka 2000 sheria yao inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, hata na mzazi wake. Mama wa mtoto alipigiwa simu siku ileile, na kesho yake nilisimama mbele yake kumwomba radhi kwa Kijerumani changu cha kuungaunga. Nilijua narudishwa nyumbani. Hawakunirudisha. Ila kwa wiki kadhaa nilikuwa nakaa karibu na yule mwalimu, natazama anavyofanya mtoto akigoma: anainama mpaka macho yao yalingane, anasema kidogo, anasubiri. Alikuwa amesomea kazi ile kwa miaka, na ilionekana.

Mimi niliingia mle na moyo safi, nimeombewa, naipenda kazi. Mkono wangu ukafanya kile ulichojifunza nilipokuwa darasa la pili, kwa mwalimu wangu mwenyewe. Kilichomwokoa yule mtoto ni kwamba aliyejua kazi alikuwa hatua tatu tu.

Sasa rudi na mimi kule TP. Siku moja nilimsaidia yule dada kusahihisha madaftari. Swali lilikuwa 52 kutoa 38. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika 26. Ukiwa umesomeshwa unaona papo hapo: mtoto ametoa 3 kwenye 5, halafu kwa kuwa 2 haitoshi kutoa 8, ameigeuza, akatoa 2 kwenye 8. Wala si uzembe, ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu. Dawa yake ni vijiti, mafungu ya kumi, na kumwonyesha fungu moja likifunguliwa. Yule dada alikuwa ameweka mkasi mwekundu, kiuso cha kucheka, na "jaribu tena". Watoto walijaribu tena kwa kanuni ileile wiki tatu mfululizo. Nilipomweleza alikaa kimya, kisha machozi yakamtoka. Akaniambia aliomba awekwe maktaba. Darasa alipewa tu.

Wanachuo wenzangu wa fani nyingine wataniambia nalinda ajira yangu. Sawa, nailinda pia, sikatai. Wahitimu wa ualimu wamejaa mtaani, na shule inayopata mtu wa bure kila Septemba haina haraka ya kutangaza nafasi. Wengine wanasema mgeni ni mlango, akirudi kwao atakumbuka matundu ya vyoo. Inawezekana, na vyoo tunavihitaji. Lakini mtoto wa darasa la tatu asilipie choo kwa mwaka wake wa Hisabati.

Kila kikao cha ushirika kati ya makanisa yetu na yao kinazungumzia usawa: wangapi waje, wangapi waende, viza zinasumbua vipi. Viza zinasumbua kweli. Ila usawa ninaoutaka mimi hauhitaji ubalozi. Dayosisi zetu zimtake mgeni alete cheti kilekile nilichotakiwa mimi, na mwalimu mkuu asimwache peke yake na darasa. Apange vitabu, asikilize mtoto mmoja mmoja akisoma, akate maembe. Amsaidie mwalimu aliyeajiriwa, naye mwalimu huyo awepo. Wao wanatufanyia hivyo tukienda kwao na hatufi.

Wiki zangu mbili za mwisho mwalimu mlezi aliniruhusu niingie kwenye kile kipindi. Dada wa watu alikaa nyuma na watoto wanne, amebeba mfuko wa vijiti. Alikuwa mzuri sana kwa watoto wanne.

Likizo nilimwambia mama ukweli, kwamba Ujerumani sikuwahi kufundisha, nilikuwa navalisha watoto mabuti. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso. "Na ulikuwa unawavalisha vizuri?"

Nikamwambia mwanzoni nilikuwa nakosea kushoto na kulia.