Mvua poa, upweke poa, ila hilo jaketi livaliwe!

Video za jamaa wanaopiga kambi peke yao na mtumbwi, kwenye maziwa ya Algonquin kule Ontario, Kanada, zinanoga zaidi mvua ikinyesha. Turubai limefungwa kwenye miti, kahawa inachemka, matone yanadondoka ziwani. Ukiangalia ukiwa umebanwa kwenye daladala, lazima utamani.

Wengine wanawaita vichaa. Wapi! Jamaa anajitwika mtumbwi mabegani kutoka ziwa hili hadi lile, matope hadi kwenye vifundo, mbu wanamla, halafu anapasua gogo lililoloa apate kuni kavu za ndani. Hiyo ni kazi, sio maigizo.

Wanapochemsha ni hapa: baadhi yao jaketi la kuokoa maisha wanalitupia nyuma ya kiti. Sijui linabana, sijui linaharibu picha! Mwezi wa tano, yale maziwa ndiyo kwanza barafu imeyeyuka. Ukitumbukia, mwili unashtuka, unavuta pumzi bila kupenda, unakunywa maji. Dakika chache tu vidole vimekufa ganzi, hata kamba hushiki. Unajua kuogelea? Sawa, lakini mtumbwi mtupu ukisukumwa na upepo huupati. Na ndani kule sehemu kubwa simu haishiki mtandao, sasa utamwita nani?

Cha kuchekesha, kamera ina kikasha chake kisichoingiza maji, na kimefungwa kwenye mtumbwi kwa kamba.